Mke wa Wangwe

Homa Bay
11 Februari 1996

Kwa Dada Mellen,

Pokea salamu nyingi kutoka ziwani. Sisi huku tu wazima, ila joto linatumaliza, na dagaa wetu wa omena wameadimika mpaka akina mama wa sokoni wamekuwa na kiburi, huwezi kuwauliza bei mara mbili. Byron ameingia kidato cha kwanza huko Rongo, analala bweni. Nyumba imekuwa kimya, nasikia hata saa ya mezani ikitembea. Fanuel, baba yake, anakusalimu sana. Naomba Matiko na Mourine wawe wazima, na tumbaku yako isiwe imepigwa na mvua ya mawe.

Sasa neno lililonileta. Unakumbuka lile sanduku la bati ambalo Mama Mkubwa aliagiza niletewe baada ya mazishi yake? Nililiweka chini ya kitanda, nikaogopa kulifungua. Mwezi uliopita nikalifungua. Ni shajara, Mellen. Mwalimu Kemuma wetu, ambaye watu walidhani aliandika vitabu vya hadithi vya shule tu, kumbe kila jioni aliandika mambo ya siku yake, tangu miaka ya sabini mpaka juma alilolazwa. Niliwaandikia wachapishaji wake wa Nairobi, na wamejibu kwamba wanataka kuzitoa kitabu mwaka huu huu. Nazichapa jioni nikitoka kwenye kibanda changu cha taipureta pale karibu na posta.

Nimeona nikujulishe kwa sababu wewe ndiwe uliyeishi naye. Kama una neno, niandikie.

Wako,
Pamela Adhiambo


Isebania
3 Machi 1996

Wifi Pamela,

Salamu zako zimefika na tumezipokea kwa mikono miwili. Mourine alishikwa na malaria, sasa amepona na ameanza kunijibu ovyo, ndipo nikajua amepona kweli. Matiko anarefuka mpaka suruali zinamkimbia. Mvua ya mawe haikuja, lakini tumbaku ina majani madogo, na kuni za kuyakaushia pale kwenye bani, lile banda la moto, nazipata kwa kuombaomba. Mwambie Fanuel salamu zake tumezipata.

Kwamba Mama aliandika, nilijua. Kila jioni tukimaliza kula alifunga mlango wake, na ukimwita wakati huo anakujibu kama mtu uliyemwamsha. Alichoandika sikujua, na mtu hamuulizi Mama mambo ya chumbani kwake.

Nina neno moja tu. Je, nimo?

Usinicheke, nitakueleza. Tangu tumzike, watu wa boma hili wananipita kama kisiki. Mzee Werema, kaka yake Mama, alisema mbele yangu kwamba nyumba hii imekufa na mwenyewe, kwamba mimi nililetwa kumpikia mwalimu, na mwalimu hayupo. Ndugu yangu Magige anachimba dhahabu Masara. Ananiita nihame na watoto wangu nikawapikie wachimbaji. Mimi nililetwa hapa kwa ng'ombe, wifi, mbele ya watu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nimelishika tangu nikiwa msichana. Lakini kama mwenye nyumba alinihesabu mtu wa nyumba au mpishi, hilo silijui. Hakuwahi kusema. Kama ameandika kwamba nilikuwa mtu wake, nitakaa hapa na Werema aseme mpaka achoke. Kama hakuandika, nitakwenda Masara kusonga ugali.

Niambie tu.

Mellen


Homa Bay
20 Mei 1996

Dada Mellen,

Nisamehe kuchelewa. Mvua iliharibu barabara huku Rodi Kopany, barua zikakaa, na mimi mwenyewe nilishikwa na kichomi. Byron alikuja likizo, akala, akalala, akarudi. Barua zake zote ni za kuomba sabuni. Fanuel anakusalimu, ana kazi nyingi siku hizi. Pole kwa malaria ya Mourine.

Daftari bado nazichapa. Mwandiko wa Mama Mkubwa unaujua, ubaoni ulikuwa mzuri, lakini humu ni wadudu watupu. Kuna mambo ya shule, ya ukame, ya wakaguzi aliowachukia. Anasema mmoja alikuja na tai ndefu kuliko akili. Nilicheka peke yangu mpaka nikajishangaa. Wewe ulimjua huyo mkaguzi?

Nikifika mbele zaidi nitakuandikia. Lakini usiende Masara kwanza. Wachimbaji wakipata wanalewa, wakikosa wanalewa, na Mourine sasa ni msichana mkubwa.

Wako,
Pamela


Isebania
9 Juni 1996

Wifi,

Pole kwa kichomi. Chemsha mwarobaini unywe, hata kama unachukia. Hapa tuko salama, tunakula mahindi mabichi, na mbwa wa Werema amezaa chini ya ghala langu bila kuniomba ruhusa. Mkaguzi wa tai ndefu namjua. Alikunywa chai yangu mpaka birika likakauka, akaondoka bila asante.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimekuuliza habari zangu, umenijibu habari za mkaguzi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi huo mshindo nausikia toka huku.

Wewe ulilelewa na watu wa baba yako huko ziwani, na mama yako alifariki mapema, Mungu amrehemu, kwa hiyo labda hukuelezwa. Mama hakuzaa. Kwetu Wakuria, mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe wake mwenyewe akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Mama alikuwa na mshahara wa ualimu, akanunua ng'ombe, akanileta. Nilikuwa sijui kusoma hata jina langu. Alinifundisha mwenyewe, kwa chaki na kipande cha ubao, na kila neno ninalokuandikia hapa alinipa yeye. Mambo ya moyo wake ndiyo hakunipa. Tulikula chungu kimoja, na tukimaliza tunaambiana kama mvua itanyesha au haitanyesha. Nikadhani wasomi ndivyo walivyo.

Basi usinibembeleze. Nimo au simo?

Mellen


Homa Bay
30 Agosti 1996

Dada Mellen,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Mimi mzima. Byron mzima. Ziwa limejaa magugu mpaka mashua zimekwama, na samaki wa kupika siku hizi ni wa kubahatisha.

Nimemaliza daftari zote. Nilirudia tena tangu mwanzo, kwa sababu nilitaka sana nikuandikie barua nyingine, siyo hii. Jina lako halimo. Nimetafuta Mellen, nimetafuta mke wangu, nimetafuta hata msichana wa nyumbani, hakuna. Jioni nyingi anaanza hivi: Leo tena niko peke yangu. Nimelichapa neno hilo mpaka vidole vikalizoea. Niliwahi kufikiria kukutungia mistari miwili mitatu nikaitia humo. Mwandiko angeujua nani? Lakini wewe ungejua.

Kuna mambo mengine niliyoyakuta ambayo hayafai kuandikwa kwenye barua. Nimewaomba wa Nairobi wayatoe, kwa heshima ya marehemu. Hayo hayakuhusu, usijisumbue nayo.

Nisamehe, Mellen. Labda mtu huwa haandiki kilicho karibu naye sana.

Pamela


Isebania
2 Oktoba 1996

Wifi,

Sisi wazima.

Asante kwa kusema kweli. Tumbaku ikiuzwa na shule zikifungwa, nitafunga mizigo. Nimempelekea Magige neno.

Hilo la mtu kutoandika kilicho karibu naye umelitunga ili nipoe. Sikupoa. Nilikuwa natoka kukata kuni nilipoisoma, nikaketi juu ya kuni zenyewe mpaka Mourine akaja kuniuliza kama nimeumwa na nyoka. Nikamwambia ndiyo.

Umeacha kuniletea salamu za Fanuel. Naye umemtoa kwa heshima?

Mellen


Homa Bay
14 Desemba 1996

Dada Mellen,

Krismasi njema kwako na watoto. Byron yuko nyumbani, amevunja sauti, nikimsikia nje nadhani mgeni amekuja.

Kitabu kimetoka. Nakuletea nakala kwa mkono wa mjumbe wa kanisa anayekuja huko. Jalada lina picha ya Mama Mkubwa ile ya shuleni, amekunja uso. Magazeti yamekisifu. Wanasema hakuna mtu wa huku aliyewahi kuandika upweke kiasi hicho. Jana mwalimu mmoja alinisimamisha barabarani kunishika mkono, nikaona aibu, sijui kwa nini.

Uliuliza habari za Fanuel. Fanuel yuko kisiwani Mfangano tangu mwaka juzi. Ana nyumba huko, na mwanamke ndani ya nyumba. Salamu zile nilizitia mwenyewe, kwa sababu barua ya mke wa mtu bila salamu za mume inaonekana uchi. Hapa mtaani nasema yuko safarini. Watu wananiitikia, kisha wanatazama pembeni. Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa.

Kabla hujahama, kisome. Hata kama una hasira.

Pamela


Isebania
12 Januari 1997

Wifi Pamela,

Mwaka mpya mwema. Watoto wazima. Pole kwa mambo ya Fanuel, na pole zaidi kwa kuyabeba bila mtu wa kukupokea mzigo. Nitayasema mengine siku nyingine, leo nina hasira na sitaki ikuangukie wewe.

Sufuria zimefungwa kwenye gunia. Lori la Magige linakuja juma lijalo. Kitabu nimekisoma chote, nimeketi juu ya gunia hilohilo. Huyo aliyeandika utangulizi anasema Mwalimu Kemuma aliishi peke yake, hakuwa na mume, mtoto wala mtu wa kuzungumza naye. Muulize kwa niaba yangu, uji wa mwalimu ulikuwa ukijipika wenyewe?

Mimi simo, hilo uliniambia, nilikuwa nimeshalilia. Lakini kuna jambo limenishinda kabisa. Wangwe mmemweka wapi? Mama angewezaje kuandika miaka yote hiyo bila kumtaja Wangwe hata mara moja?

Nikikumbuka, sikukueleza mpaka mwisho, nilidhani unajua. Kwetu mama haoi msichana awe wa kwake hivihivi, kama watu wa nje wanavyodhani. Anamwoza kwa mwanawe. Na kama mwana hakuzaliwa, bado nyumba inamhitaji, kwa hiyo anapewa jina. Mama alimwita Wangwe, jina la babu yake, na ng'ombe wakatolewa kwa jina hilo. Mimi ni mke wa Wangwe. Kwa nini unadhani nakuita wifi? Mama na mama yako ni ndugu, basi Wangwe ni kaka yako. Jina lake silitamki kwa mdomo, mke hatamki jina la mumewe, naliandika tu. Shuleni Matiko ameandikwa Matiko Wangwe. Na Mama alikuwa akimsemesha. Niko kwenye bani namsikia anapita nje akisema, Wangwe, mvua inakuja, mke wako ameanika majani. Mimi mwenyewe hakuniambia.

Kama hata mwanawe hakumwandika, basi huyo mwenye kitabu simjui.

Mellen


Homa Bay
21 Januari 1997

Wifi,

Utanisamehe leo sina salamu. Barua yako nimeisomea posta na nimeketi hapo hapo sakafuni, watu wakaniruka.

Wangwe yumo. Yumo kila ukurasa. Mimi ndiye niliyemtoa.

Nilidhani ni mwanamume. Nilidhani Mama Mkubwa alikuwa na mume wa mtu, jirani fulani huko kwenu, ndiye anayemwandikia jioni, Wangwe leo hivi, Wangwe leo vile, na tena bila haya anamtajia mkewe, mke wako amefanya hili, mke wako amesema lile. Nikasema moyoni, mwalimu wa Shule ya Jumapili, watu wasome haya? Kwa aibu, kila nilipokuta jina hilo nilipita haraka bila kusoma mpaka mwisho. Ndiyo yale niliyokuambia hayafai kwenye barua. Mhariri aliniuliza Wangwe ni nani, nikamjibu ni jirani tu, kata. Akakata. Nilikuwa nakutafuta wewe kwa mkono mmoja na kukufuta kwa mwingine.

Nakunakilia kutoka daftarini. Sijaongeza hata nukta.

Mwaka 1979: Wangwe, mke wako amefika leo. Ana miguu ya mtu aliyezoea kutembea. Nimempa chai, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Niliogopa kumtazama, asije akaona nilivyofurahi.

Mwaka uliofuata: Mke wako amesoma neno mvua peke yake, akatazama nje kama iko, akacheka. Nami nilicheka, lakini niligeukia ubaoni.

Mwaka 1986: Leo tena niko peke yangu, Wangwe, na mke wako yuko upande wa pili wa ukuta. Amefiwa na mama yake. Amepika, ametandika, sasa analia. Nimeketi kitandani na viatu miguuni. Nikienda nitamwambia nini? Sisi kwetu mama mkwe haendi chumbani kwa mke wa mwanawe. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nilimleta anitolee upweke, na sasa humu ndani kuna wapweke wawili. Sikuinuka.

Na hii ni ya juma la mwisho: Mke wako ameniosha miguu. Nilitaka kumwambia asante, mwanangu. Nikasema maji ni baridi.

Ziko nyingi, wifi. Karibu kila jioni. Nimewaandikia Nairobi leo leo, nimewaambia kosa ni langu, warudishe yote. Wakikataa nitakwenda mwenyewe kukaa mlangoni kwao. Lakini barua hii na iwahi lori la Magige, hilo tu ndilo ninaloomba. Werema akisema tena nyumba imekufa, msomee. Mwenye nyumba alikuhesabu.

Pamela


Isebania
16 Machi 1997

Wifi yangu Pamela,

Habari za huko? Byron amekwisha kuzoea sauti yake? Sisi wazima, Mourine ameota jipu shavuni anakataa kwenda shule.

Barua yako haikuliwahi lori. Nilikuwa Masara tangu mwisho wa Januari. Nimewapikia wachimbaji, wanakula wamepakaa tope mpaka nyusi, wananiita mama, hawajui jina langu na sikuwaambia. Usiku nikilala nilikuwa najiambia, angalau hawa hawajanifundisha kusoma. Juma lililopita nilirudi kuchukua mbegu za wimbi, nikapita posta.

Nimekasirika, wifi. Nikuambie ukweli, nilikasirika kabla sijalia. Maji yale hayakuwa baridi. Niliyapima kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga, na aliposema ni baridi nikayarudisha motoni nikijiona mjinga. Hilo la asante, mwanangu, ni maneno mawili tu. Mtu aliyekuwa na maneno yote hayo, anayajua mpaka ya kuwapa wengine, hayo mawili akayapeleka kwenye karatasi na mimi nimepiga magoti mbele yake nimeshika kisigino chake. Sitamsamehe leo. Labda baada ya mavuno.

Lakini sirudi Masara. Magige amenitukana, atapoa. Sufuria nimezitoa kwenye gunia. Kwa Werema nilikwenda na barua mkononi, nikamsomea ile ya kikombe cha chai na ile ya miguu. Ya kulia sikumsomea, hiyo ni yangu. Kesho yake alimtuma mtu aje kumwondoa mbwa wake chini ya ghala.

Nairobi usiende kukaa mlangoni kwa mtu. Wakirudisha, warudishe. Wasiporudisha, hao wasomaji wao waendelee kumhurumia mwalimu aliyekuwa peke yake. Watu wa kujua wamejua.

Sasa mambo yako, ambayo niliahidi kuyasema siku nyingine. Unawaambia watu Fanuel yuko safarini, kisha unafunga mlango unachapa upweke wa mtu mwingine. Mimi nimeishi na mwanamke wa namna hiyo, na namjua hata kwa barua. Chumba cha Mama ni kitupu. Shule zikifungwa mwezi ujao, mchukue Byron mje, na taipureta yako ukitaka. Hapa ni kwa kaka yako, hakuna wa kukuuliza umefuata nini. Utalala kitanda chake na mimi nitakuwa pale pale nilipokuwa. Ukuta ni wa udongo, unapitisha kila kitu. Ukilia nitakusikia, na mimi nitainuka.

Wifi yako,
Mellen